Panki ya hadikoo na makaratasi yake

Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kipeperushi cha fotokopi cha onyesho la panki ya hadikoo, pembe zimekunjika, wino umefifia, nacho kinauzwa kwa mnada huko Marekani. "Mjomba, hiki nacho kina nini cha kununuliwa?"

Tuanze na neno lenyewe. Panki hapa si ile ya kinyozi, wala si mapanki ya sangara wa Mwanza. Ni muziki wa magitaa uliotamba Marekani na Uingereza miaka ya 1970. Hadikoo ni tawi lake la mwishoni mwa muongo ule: kasi zaidi, kelele zaidi, na nyimbo nyingine hazifiki dakika. Mpenzi wa taarab angekuwa bado anapekua mkoba atafute noti ya kumtunza mwimbaji, kumbe wimbo umekwisha.

Redio kubwa hazikuupiga na kampuni kubwa hazikuutaka, kwa hiyo kila mji ulijitengenezea wake: Los Angeles, Boston, New York, Washington. Ninaposema "wake" sikusudii bendi peke yake. Ni wapigaji, wasikilizaji, mwenye ukumbi, na yule kijana anayebandika matangazo ukutani usiku. Mimi huliita baraza, maana linafanana na la kwetu Unguja: ukikaa la Malindi, unajulikana kuwa si wa Vuga.

Washington ndiyo mfano ninaoupenda. Hapo walitoka Bad Brains, vijana weusi waliochanganya kasi hiyo na rege. Hapo pia walikuwapo Teen Idles, waliokusanya fedha za maonyesho yao hadi zikatosha kutoa santuri moja ndogo, nakala 1,000. Ilipotoka, bendi yenyewe ilikwisha vunjika. Majalada yaliyofuata ya lebo yao, yaani kampuni yao ya santuri, Dischord, wao na marafiki waliyakata na kuyagundisha kwa mikono.

Bendi hiyohiyo ndiyo iliyorudi na alama ya X. Mwaka 1980 walikwenda kupiga San Francisco, na kwa kuwa walikuwa wadogo, ukumbi uliwachora X nyeusi mkononi ili wasiuziwe pombe. Wakaipeleka kwao, waliokataa ulevi wakaichora kwa hiari, na aibu ikageuka beji. Nilipomweleza mama yangu, alisema kumbe hao watoto wana adabu, ila makelele tu.

Sasa, "kumbukumbu" za baraza kama hilo ni zipi? Vipeperushi, vijarida vya kuchapa na kubana pini, kanda zilizorekodiwa ukumbini, fulana zilizochanika kwapa. Sifa yao ni moja: hakuna aliyezitengeneza zidumu. Kipeperushi kazi yake ilikwisha asubuhi ya pili, kikafagiliwa. Kilichobaki ni kile ambacho mtu mmoja alikisahau ndani ya kitabu, na ndiyo maana kina bei. Siku hizi hata maktaba ya umma ya Washington ina hazina maalumu ya vitu vya panki, vikiwekwa kwa uangalifu kama hati.

Hapa Unguja sauti tumezihifadhi kiasi. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri zake zinatafutwa hadi leo. Lakini tiketi ya onyesho la taarab? Tangazo la kuandikwa kwa mkono lililobandikwa mlangoni? Akhwani Safaa, kikundi chetu cha taarab, wamekuwapo tangu 1905. Hebu fikiria makaratasi yaliyokwisha fungiwa karanga. Wanawake wametushinda katika hili. Sare ya kikundi, kanga ya onyesho, doti iliyonunuliwa kwa ajili ya jina lake tu, imelala kashani na asumini iliyokauka.

Mpwa wangu kesha anza kumsumbua bibi yake amfungulie kasha.