Shomin-geki: filamu za Kijapani ambazo "hazina kisa"

Shomin-geki, ambazo wengine hulalamika kuwa hazina kisa, ni filamu za Kijapani kuhusu watu wa kawaida wa mjini: karani, mwalimu, mwenye duka dogo, daktari wa mtaani, hasa mambo yanayopita ndani ya nyumba zao. Zilishika kasi miaka ya 1920 na 1930 katika studio ya Shochiku, wakati huo ikiwa Kamata, Tokyo. Msimamizi wake, Shiro Kido, alitaka maisha ya kila siku yenye kicheko na machozi pamoja, wakati sinema nyingi za Japani zikitamba na mapanga ya masamurai.

Mwongozaji anayetajwa kwanza ni Yasujiro Ozu (1903–1963), na filamu inayotajwa kwanza ni Tokyo Monogatari ya 1953. Kisa chake ni kifupi mno. Wazee wawili wanatoka Onomichi, mji wa mbali, kwenda Tokyo kuwaona watoto wao, wanakuta kila mmoja ana shughuli zake, wanarudi, mama anafariki. Nimekueleza mwisho bila wasiwasi, maana utamu hauko huko.

Uko kwenye mambo kama mto wa kujaza upepo. Wazee wanafunga mizigo. Mke anauliza mto uko wapi, mume anashikilia kwamba alimpa yeye, atafute vizuri. Kisha mume anaukuta kwenye vitu vyake mwenyewe. Hakuna anayeomba radhi wala anayenuna, na tayari umeijua ndoa yao yote.

Au mtazame Shige, binti mwenye saluni. Mteja anapouliza wale wazee ni nani, anajibu kuwa ni watu anaofahamiana nao, wametoka bara huko. Baadaye mama yake anapokata roho analia kweli kweli, na muda si mrefu, wakiwa mezani baada ya mazishi, anaulizia kimono na mshipi wa marehemu. Filamu mbaya ingemfanya mnafiki. Hii inamwacha awe yote mawili, kama ndugu wengi tunaowajua. Anayewahudumia wazee kwa moyo ni mkamwana wao Noriko, mjane wa vita, ambaye chumba chake kimoja hakina hata pombe ya kumkaribishia mkwe. Anagonga kwa jirani kuazima sake, kisha anarudi kuazima chupa na vikombe vya kunywea.

Kamera imewekwa chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi kwenye mkeka, na ni nadra kusogea. Mambo makubwa hurukwa: mama anapougua ndani ya treni hatuoni, tunasikia tu watu wakizungumza. Ndiyo maana anayesubiri tukio huona filamu inakokota miguu. Mimi naona imejaa pomoni, ila inataka macho kuliko masikio, jambo gumu ukiwa unafukuzana na maandishi ya tafsiri chini ya skrini.

Si Ozu peke yake. Mwongozaji mwenzake Mikio Naruse ana zake, zenye uchungu zaidi, ambamo pesa huhesabiwa sana na hazitoshi.

Na usidhani lazima ulie. Anzia Ohayo ya Ozu, ya 1959: ndugu wawili wadogo wanagoma kusema mpaka wanunuliwe televisheni, na mizaha ya kujamba haiishi.