Kadi bila barua ya utambulisho: kadi za upanuzi kwenye Macintosh za zamani

Taa ya kijani ya kadi ya mtandao ilikuwa inawaka, na taa hiyo ndiyo iliyonipotezea siku mbili.

Mashine ilikuwa Macintosh SE/30, ile fupi yenye skrini ndani ya kasha lake, toleo la Januari 1989. Nililetewa kutoka duka la uchapaji lililokwisha fungwa, ikiwa na kadi ya Ethernet ndani ambayo mwenyewe aliniapia kwamba ilikuwa nzima. Nikaiwasha, ikalia mlio wake, ikafika kwenye dawati bila matatizo. Nikafungua paneli ya mtandao: LocalTalk peke yake, yaani mtandao wa zamani wa Apple wenyewe. Nikaweka kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiwezesha mashine kuitumia, hola. Nikakifuta nikaweka cha zamani zaidi, hola. Nikapandisha mfumo kutoka System 7.1 hadi 7.5, nikarudia yote tangu mwanzo, hola vilevile. Na muda wote huo taa ya kijani inaniangalia tu.

Taa ile haikuwa inadanganya. Mimi ndiye niliyeielewa vibaya. Ilichosema ni kwamba kadi inapata umeme na kwamba kebo imefika kwenye swichi ya mtandao. Haikusema lolote kuhusu kadi na Mac kuzungumza. Nimeona watu wengi wakikwama hapohapo, wanapakua kiendeshi cha tano na cha sita, wakati kwenye mashine hizi kiendeshi ndicho kinachofika mwisho kabisa.

Macintosh ya kwanza ya 1984 haikuwa na sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi, hata moja. Steve Jobs alitaka kasha lililofungwa, mtumiaji asiguse ndani, ilhali Apple II ya 1977 ilikuwa na sloti nane. Ilibidi kungoja hadi 1987, ilipotoka Macintosh II na sloti sita za NuBus. NuBus haikubuniwa na Apple. Chimbuko lake ni chuo cha MIT, kisha Texas Instruments wakaiendeleza. Ni njia ya data ya biti 32 kati ya kadi na mashine, inayokwenda kwa MHz 10, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haina jampa (vibanio vidogo vya kupangia kadi kwa mkono) za kuhangaika nazo. Wenzetu wa PC wakati huo walikuwa wanakesha kutafuta kadi gani imegombana na ipi.

Siri yake ni hii. Fikiria nyumba ya kupangisha, kila chumba na namba yake mlangoni. Kwenye Macintosh II vyumba vinaanzia $9 hadi $E, kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 inaendelea na A, B, mpaka F. Kadi inajua imekaa chumba gani kwa sababu pini za sloti yenyewe zinaiambia. Kila chumba kina eneo lake la anwani la MB 16: chumba cha $9 kinaanzia F9000000 na kuishia F9FFFFFF, cha $A kinaanzia FA000000, na kuendelea hivyo. Mashine inapowaka, kabla hata ya kugusa diski, sehemu ya ROM (kumbukumbu ya kudumu ya mashine) iitwayo Slot Manager inapita chumba kwa chumba kama mjumbe wa nyumba kumi: nani kahamia hapa? Barua ya utambulisho iko wapi?

Barua hiyo ni chipu ndogo ya ROM iliyo juu ya kadi. Ndani yake kuna jina la kadi, aina yake, na pengine hata programu ya kuianzisha. Isiposomeka, kwa mjumbe chumba ni kitupu, na kiendeshi utakachoweka baadaye kitakuta hakuna wa kumwendesha.

SE/30 haina NuBus. Ina sloti moja iitwayo PDS, iliyounganishwa moja kwa moja na prosesa ya 68030, yenye pini 120 katika safu tatu za arobaini. Lakini Apple walifanya ujanja: kadi ya PDS inajifanya imekaa kwenye chumba cha $9, $A au $B, na mjumbe anaisoma kama kadi yoyote ya NuBus. Hata skrini ya SE/30 yenyewe inajitambulisha kama kadi iliyo kwenye chumba cha $E. Hili la mwisho ni muhimu, maana linakupa kipimo cha kulinganishia.

Basi siku ya tatu nikaachana na viendeshi. Nikaweka MacsBug, programu ya kuchungulia kumbukumbu ya mashine, kwenye System Folder, nikawasha upya, nikabonyeza swichi ya kukatiza ubavuni. Skrini ikageuka maandishi matupu. Nikaandika:

dm FEFFFFE0 20

Yaani nionyeshe baiti 32 za mwisho za chumba cha $E. Zikaja, zimejaa. Skrini imejitambulisha, njia ni nzima. Nikaandika dm F9FFFFE0 20: haisomeki. FA: haisomeki. FB: haisomeki. Hapo ndipo nilipojua kwamba kadi ni bubu, na kwamba ningeweza kubadilisha viendeshi mpaka Idi mbili zipite.

Angalizo kwa atakayejaribu: MacsBug itakuonyesha anwani hizo ukiwa umewasha anwani za biti 32 tu. SE/30, pamoja na Macintosh II, IIx na IIcx, zilitoka kiwandani na ROM isiyomudu hali hiyo. Dawa ni MODE32 ya Connectix, ambayo Apple walikuja kuilipia leseni mwaka 1991 wakaigawa bure, au kuchomeka ROM ya IIsi kwenye soketi ya SE/30. Katika hali ya biti 24 nyumba nzima ni MB 16 tu: RAM inachukua MB 8 za chini, ROM inafuata, na kila sloti inabakiziwa MB 1. Ndiyo maana mashine hizo zinagoma kuona zaidi ya MB 8 za kumbukumbu hata ukizijaza, na ndiyo maana baadhi ya kadi za skrini zenye kumbukumbu kubwa zinafanya vituko mpaka uwashe biti 32.

Nikafungua kasha. Skrubu zake ni za Torx T15, na mbili za juu ziko ndani ya shimo refu la mpini, kwa hiyo tafuta bisibisi ya shingo ndefu. Ondoa kwanza umeme uliobaki kwenye tyubu ya skrini kabla ya kuingiza mkono. Sisemi hili kwa mapambo. Umeme ule unaweza kukuangusha.

Kadi ya SE/30 husimama wima juu ya bodi kuu, na kadi nyingine ndogo yenye tundu la kebo hukaa nyuma kwenye kasha, zimeungana kwa utepe wa waya. Nilipoichomoa, pini za mwisho za safu moja zilikuwa na ukungu wa kijani. Na bodi kuu ilikuwa inanuka samaki. Wanaozijua mashine hizi wanaijua harufu hiyo: kapasita zimevuja. SE/30 ina kapasita ndogo za mikrofaradi 47 zilizobandikwa juu ya bodi, na maji yake yakitoka yanakula shaba taratibu, mwaka baada ya mwaka. Mashine inaweza kuwaka vizuri kabisa huku yanaendelea kula. Yakishakula vya kutosha, unawasha na skrini inajaa milia ya kulala kama pundamilia. Yangu ilikuwa haijafika huko.

Nikazitoa kapasita zote, nikaosha bodi kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, nikaiacha ikauke usiku kucha, nikachomea mpya. Soketi ya PDS nikaisugua pini kwa pini. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi, na nimeshaona soketi iliyolala stoo miaka kumi ikawa imeota kutu bila kapasita kuvuja hata tone.

Kabla ya kurudisha kadi nilipima volti kwenye plagi ya umeme ya diski: waya mwekundu 5, wa njano 12. Kadi inaongeza mzigo, na kibadilisha umeme kilichozeeka kinaweza kushuka kadi ikiingia. Pima ukiwa nayo na ukiwa huna.

Nikawasha. MacsBug tena, dm F9FFFFE0 20. Safari hii zikaja. Kwa mtu asiyezoea ni takataka, FF nyingi na herufi zilizotawanyika. Lakini anza kutoka baiti ya mwisho kabisa, rudi nyuma ukihesabu moja kila baada ya nne, uone: 78, 00, C7, 2B, 93, 5A. Zigeuze: 5A 93 2B C7. Huo ndio muhuri wa barua. Kila kadi ya NuBus au ya PDS iliyofuata utaratibu wa Apple ina muhuri huo.

Ile 78 ya mwisho nayo ina maana. Njia ni ya baiti nne kwa mpigo, lakini ROM ya kadi mara nyingi ni chipu moja ya bei rahisi yenye upana wa baiti moja. Namba 78 inasema: barua yangu imeandikwa kwenye mstari wa nne tu, ruka mingine. Ukikuta E1 ni mstari wa kwanza, D2 wa pili, B4 wa tatu, na 0F ni yote minne. Ukiziandika kwa biti utaona nusu moja ni kinyume cha nusu ya pili, ili mjumbe asidanganyike na takataka.

Kuna hali ya tatu, inayosumbua kuliko zote: muhuri unauona kwa macho yako lakini mfumo bado unaikataa kadi. Barua ina hesabu ya kuhakiki, na biti moja ikigeuka hesabu haitoki. Kadi kadhaa za zama zile zilitumia EPROM yenye kidirisha cha kioo juu, kilichofunikwa kwa karatasi ya gundi. Karatasi ikibanduka, mwanga unafuta maandishi kidogo kidogo. Ukikuta kidirisha wazi, kifunike leo.

Kiendeshi nilikiweka mara moja. Ethernet ikatokea kwenye orodha.

Kwa wenye IIsi, neno moja tu: sloti yake inafanana na ya SE/30, pini 120 zilezile, lakini IIsi inakwenda MHz 20 na SE/30 karibu 16. Baadhi ya kadi zinakubali zote mbili, nyingine zinachagua. Na ukitumia kigawanyaji kuweka kadi mbili kwenye PDS moja, hakikisha haziko chumba kimoja. Kwenye PDS jampa zimerudi, samahani.

Mwaka 1995, kuanzia Power Macintosh 9500, Apple walihamia PCI, aina ya sloti iliyokuwa kwenye PC, na watu wakafurahi kwamba sasa kadi za PC za bei poa zitaingia. Zinaingia, ndiyo. Kujitambulisha ni habari nyingine. Mjumbe mpya anaitwa Open Firmware na anasoma barua zilizoandikwa kwa FCode, lugha ya programu ya ukoo wa Forth. Kadi ya PC inabeba barua ya prosesa za x86. Mac inaiona kadi, inasoma namba zake, lakini barua haiielewi.

Kwa baadhi ya kadi hilo si tatizo. Kadi ya USB yenye chipu ya OHCI haihitaji barua. Mac OS 9 inaijua kwa aina yake, ingawa ya USB 2.0 itakwenda kwa kasi ya 1.1. Kadi ya skrini au ya diski unayotaka iwashe mashine ndiyo lazima iandikiwe upya, na hapo chipu ya kadi ya PC mara nyingi ni ndogo mno: KB 64 mahali pa 128.

Mwezi uliopita nilikuwa na kadi ya SATA, ya kuunganishia diski, yenye chipu ya SiI 3112 ndani ya 9500. Ili kumsikia mjumbe unabonyeza Command, Option, O na F inapowaka. Usishtuke skrini ikibaki nyeusi: kwenye mashine hizo anazungumza kupitia tundu la modemu, kwa kasi ya 38400. Nikaunganisha kebo ya serial kwenye laptopu, nikaandika dev / na kisha ls. Mti wa vifaa ukashuka, na chini ya bandit (hilo ndilo jina ambalo wahandisi wa Apple waliipa chipu inayoongoza PCI, na siwalaumu) palikuwa na pci1095,3112. Namba ya mtengenezaji, namba ya chipu, basi. Kama mtu anayejibu kwa namba ya kitambulisho kwa sababu hana jina.

Chipu ya ROM iliyokuwa juu ya kadi ilikuwa ya aina ambayo programu ya kuandikia haikuitambua. Nikaitoa kwa hewa ya moto, nikachomea nyingine kubwa zaidi, nikaandika programu ya Mac, nikairudisha kwenye sloti ileile. Command, Option, O, F. Dev /, ls. Mti ukashuka, na pale palipokuwa na namba, safari hii palikuwa na jina.