Kabla hujakubali kukatwa nyama za puani

"Daktari, nimekuja unikate nyama za puani." Naisikia kauli hii karibu kila siku ya kliniki, na kila mara inanibidi niulize: nyama zipi? Tumevipa vitu vitatu jina moja. Kwa mtoto wa miaka minne anayekoroma na kulala mdomo wazi, nyama za puani ni tezi iliyoko nyuma kabisa ya pua, juu ya kimeo, ambayo kwa kawaida husinyaa yenyewe anapokua. Kwa kijana mwenye aleji, ni ile mikunjo ya ubavuni mwa pua ambayo kila binadamu anayo na lazima awe nayo, kwa kuwa ndiyo inayopasha joto na kulowesha hewa. Yake imevimba tu. Kwa mtu mzima asiyesikia harufu, mara nyingi ni polipu: vivimbe laini, vyenye weupe wa kijivu kama nyama ya shokishoki, vinavyoning'inia kutoka kwenye sainasi. Kila kimoja kina tiba yake. Lakini imani kwamba kinachosumbua kikatwe ni ya zamani kwetu. Bado naletewa watoto waliokatwa kimeo na mganga kwa sababu ya kikohozi, damu ikiwa bado inachuruzika.

Nimfikirie mama mmoja, mama lishe wa makamo. Alijua pua yake imekufa siku wateja walipomwambia maharage yanaungua naye amesimama pale pale jikoni. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mimi nishakatwa mara mbili. Naomba safari hii mzikate ziishe." Mara zote mbili polipu zilivutwa zikatoka bila siti skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, na akaruhusiwa kwenda nyumbani bila dawa yoyote ya kuendelea nayo. Mara zote mbili zilirudi kabla mwaka haujaisha. Katikati ya hapo alikuwa akiishi kwa matone ya efedrini ya kuzibua pua kutoka duka la dawa, chupa baada ya chupa, miaka sita.

Ili kuelewa kwa nini zilirudi, inabidi tuingie ndani. Sainasi ni vyumba vya hewa katika mifupa ya uso: viwili mashavuni, viwili kwenye paji la uso, kundi la vijumba vidogo kati ya macho, na viwili vilivyojificha ndani kabisa, karibu na katikati ya kichwa. Vyote vimetandikwa utando laini unaotoa ute, na juu ya utando huo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyopiga kasia mchana na usiku, vikisukuma ute kuelekea mlangoni na kisha kooni, ambako tunaumeza bila kujua. Mlango wa sainasi ya shavu uko juu, karibu na dari yake, na upana wake ni milimita chache tu. Kwa hiyo ufagio huu unapandisha taka ukutani, kinyume na tunavyotarajia maji yatiririke. Mlango ukizibwa na uvimbe, ute unalala, unaoza, utando unazidi kuvimba, na mlango unazidi kuziba.

Madaktari wa zamani hawakulijua hilo. Caldwell wa New York mwaka 1893, na Luc wa Paris mwaka 1897, walifungua sainasi ya shavu kwa kupasua chini ya mdomo wa juu, juu ya mizizi ya meno, na kukwangua utando wote. Wengine walitoboa tundu chini, ndani ya pua, wakiamini uzito wa ute wenyewe ungeushusha. Kisha Walter Messerklinger, kule Graz nchini Austria, akachungulia kwa endoskopu, yaani fimbo nyembamba za kutazamia ndani ya mwili, zenye lenzi alizobuni mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins, akaona jambo ambalo mimi hulisimulia kila mwaka kwa wanafunzi wangu: ute ulilipita lile tundu jipya kana kwamba halipo, ukapanda mpaka kwenye mlango wake wa asili. Mwanafunzi wake Heinz Stammberger, pamoja na David Kennedy wa Marekani, ndio waliosambaza upasuaji uliojengwa juu ya ugunduzi huo, kuanzia miaka ya 1980.

Kazi yetu, basi, ni kupanua mlango ule ule wa asili, kuondoa polipu na vijukuta vya mifupa vinavyouziba, na kuuacha utando mzima ulipo ili ufagio urudi kazini. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Endoskopu, fimbo ya unene wa milimita 4, hupita tunduni mwa pua. Zipo zinazotazama mbele na zinazotazama pembeni, hivyo hatupasui ngozi ya uso. Tunaweka pamba zenye adrenalini ili mishipa ya damu isinyae, kwa sababu damu kidogo tu huchafua kioo, na daktari asiyeona vizuri ni hatari. Mfupa unaotenganisha pua na jicho ni mwembamba kama karatasi. Dari la pua ndiyo sakafu ya ubongo. Ndiyo maana sikubali kufanya upasuaji huu bila siti skani ukutani mbele yangu: kila mtu ameumbwa tofauti, wapo wenye dari lililoshuka upande mmoja. Ukiambiwa utafanyiwa bila picha hiyo, uliza kwa nini, na usione haya kuuliza.

Siku hizi watu huniuliza pia kuhusu puto linaloingizwa mlangoni, likajazwa, kisha likatolewa. Linafaa kwa mlango mwembamba tu. Polipu haliwezi kuziondoa.

Lakini wengi wanaofika kwangu hawahitaji kisu. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na kamasi kugeuka kijani si ushahidi kwamba unahitaji antibayotiki. Tunasema sainasi imekuwa ugonjwa sugu pale dalili zinapofikia wiki 12: pua kuziba au kutoa kamasi, uso kuuma au kuwa mzito, harufu kupotea. Tena siyo kila kichwa kinachouma juu ya macho ni sainasi. Wengi wenye picha safi kabisa nimewatibu kipandauso wakapona. Kwa ugonjwa sugu tunaanza kwa kusafisha pua na dawa ya kupuliza ya steroidi, inayotuliza uvimbe. Chukua robo lita ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na iodini na chembe ya magadi ya kuokea. Maji lazima yachemshwe kisha yapoe; mwaka 2011, Louisiana nchini Marekani, watu wawili walikufa kwa amiba, kijidudu cha majini, iliyoingia ubongoni baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Dawa ya kupuliza ishike kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, uielekeze upande wa sikio, wala si kwenye ukuta wa katikati. Matone ya kuzibua, nayo, yasizidi siku tano. Baada ya hapo yenyewe ndiyo huziba pua.

Usisubiri kama tatizo ni la upande mmoja tu. Kamasi inayonuka upande mmoja kwa mtu mzima inaweza kutoka kwenye jino bovu la juu, lakini pia inaweza kuwa kuvu au uvimbe wa hatari. Kwa mtoto, tafuta punje ya harage au shanga. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, maana inaunguza. Jicho likivimba na kusukumwa nje pia ni dharura. Na mwenye polipu pamoja na pumu aseme kama aspirini au diklofenaki humbana kifua, kwani kwa watu hao vidonge hivyo vinavyouzwa kila duka vinaweza kuua.

Mama lishe wetu nilimtoa kwenye matone kwanza, akatumia steroidi, ndipo nikamfanyia upasuaji. Wiki mbili hakupenga pua, akapiga chafya mdomo wazi. Aliniuliza kuhusu kupandisha maji puani anapotawadha. Nikamwambia atumie maji yale yale yaliyochemshwa, ayaingize taratibu bila kuvuta kwa nguvu. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji alisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Mwaka wa pili polipu moja ilichungulia upande wa kushoto. Hatukuikata. Tuliongeza steroidi kwenye maji yake ya kusafishia, ikanywea, na bado namwona kila baada ya miezi sita.