Vidonge vya bakteria si kinga ya kifafa cha mimba

Wapo wanaoamini kwamba mjamzito akimeza probiotiki, yaani vidonge vya bakteria wazuri wa utumbo, hatapata priklampsia, ile hali ya presha kupanda inayotangulia kifafa cha mimba. Si kweli. Ni sahihi kwamba watafiti wameona bakteria wa utumbo wa wanawake wenye priklampsia wakitofautiana na wa wajawazito wengine, na presha ya panya waliopandikizwa bakteria hao ilipanda. Lakini hilo halithibitishi kuwa kidonge kitakukinga. Tena mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyochunguza probiotiki dhidi ya kisukari cha mimba, yalikuta priklampsia ikiongezeka kwa waliozitumia. Ndiyo maana naumia nikisikia zikisifiwa kuwa hazina madhara kwa mjamzito.

Mara nyingi priklampsia huanzia kwenye kondo la nyuma: mishipa ya damu inayolilisha haikutanuka ipasavyo. Walio hatarini zaidi hupewa na daktari aspirini ya dozi ndogo, kuanzia wiki ya 12. Presha ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.