Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Baraza, Dumu na Ngazi Vyatosha Kuanzia Mazoezi

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito akirudi Lamu, kila anayemsalimia humuuliza kilo. Zimeshuka ngapi? Dera linapwaya, majirani wanasifu, naye anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Sisi wa tiba ya viungo tuna swali jingine: je, unaweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono?

Tunauliza kwa sababu mizani haijui mafuta ni yapi na misuli ni ipi. Kuna upasuaji unaoondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kuna ule unaobakisha kifuko kidogo na kukipitisha chakula njia fupi, kikaruka sehemu ya utumbo. Kwa vyovyote vile, miezi ya mwanzo mtu hula kidogo mno, na mwili usiopata chakula cha kutosha hauchomi mafuta peke yake. Mara nyingi kama robo ya uzito unaopotea, wakati mwingine zaidi, si mafuta, na misuli imo humo. Mifupa nayo hupungua uimara. Ndiyo maana utamkuta mtu amepungua kilo 30 na bado anahema kwenye ngazi za nyumba yake.

Kutembea ni lazima, tena tangu siku ya upasuaji au siku ya pili, kwa sababu kunasaidia kuzuia damu kuganda miguuni. Anayeweza kwenda Shela kwa miguu kupitia ufukweni na kurudi amefanya jambo kubwa. Lakini matembezi hayajengi mgongo wala mikono, na mapaja huyasaidia kidogo tu. Misuli hubaki pale inapopewa kazi nzito kidogo kuliko iliyoizoea.

Kazi hiyo ina wakati wake. Kwa kawaida wiki 4 hadi 6 za kwanza hutakiwi kuinua kitu kinachozidi kilo 5 hivi, na mazoezi ya kujenga misuli huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, daktari aliyekupasua akiridhia. Kama ulipasuliwa kwa mkato mrefu badala ya vitundu vidogo, subira huweza kufika wiki 12. Ngozi hufunga mapema, lakini utando wa ndani unaoshikilia tumbo huchelewa, na ukiulazimisha unaweza kupata ngiri. Hapa tatizo huwa la nyumbani zaidi kuliko la mgonjwa. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Mtoto wa miaka miwili ana kama kilo 12, naye hawezi kungoja wiki 6 mama apone. Waambieni watu wa nyumba mapema nani atachota maji na nani atambeba mtoto.

Upande wa pili wapo wanaozidisha huruma. Miezi minne imepita na bado mtu anaambiwa, “Mwanangu, kaa, usije ukafumua nyuzi.” Kwa wakati huo nyuzi si tatizo tena. Kukaa ndiko tatizo.

Anza na baraza, lile benchi la mawe la nyumbani. Kaa ukingoni, nyayo zote chini, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Mikono ipishanishe kifuani. Inama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha simama huku ukitoa pumzi. Kushuka ndiko kwenye faida zaidi: hesabu moja, mbili, tatu, ndipo makalio yaguse. Ukijikuta unaanguka puu mwishoni, baraza ni la chini mno kwako. Weka takia lililokunjwa ili ukae juu zaidi, na wiki zikienda uliondoe. Magoti yakielekea kugongana, yasukume nje yafuate vidole. Mara 8 zikikushinda, fanya 5. Ukifika 12 kwa raha, shika dumu dogo kifuani.

Dumu la lita 5 lina uzuri wake, kwamba uzito unaupima kwa maji. Nusu ni kilo mbili na nusu, na wiki ijayo unaongeza kikombe. Egemeza mkono mmoja kwenye baraza, mgongo ukiwa umenyooka, uvute dumu kuelekea ubavuni kisha ulishushe polepole. Kwa kifua na mabega, simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, uusogelee ukuta na kuusukuma. Kwa makalio na kiuno, lala chali mkekani, kunja magoti, inua nyonga. Ngazi tumia kidato cha kwanza tu, mkono ukutani, kupanda na kushuka. Ngazi za nyumba za kale ni wima na si pahali pa kujaribia miguu iliyodhoofika. Mazoezi ya kuinua kiwiliwili ukiwa umelala chali yaache kwa sasa, yanalibana tumbo kabla ya wakati.

Siku mbili kwa wiki zatosha, zisifuatane, kila zoezi mizunguko miwili. Simama ukiwa bado una nguvu ya kurudia mara mbili au tatu. Usibane pumzi kamwe. Yote haya yanafanyika uani au chumbani, kwa hivyo anayeona haya kufanya mazoezi mbele za watu hana haja ya kutoka. Msimu wa joto la kaskazi fanya baada ya swala ya alfajiri, na kama ngozi iliyolegea inasuguana, ibane kwa nguo ya ndani ya pamba.

Mazoezi bila protini ni kujenga bila mawe. Wengi baada ya upasuaji huhitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na kipande cha nguru kilichopikwa cha gramu 100 kina zaidi ya 20. Mfuko wako sasa ni mdogo, kwa hivyo anayeanza na mahamri hana tena nafasi ya samaki. Kula samaki, kuku, yai au mtindi kwanza, mahamri yangoje. Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri kama nusu saa, kisha nywa kidogo kidogo kutwa nzima, lengo likiwa lita moja na nusu au zaidi. Halwa na kahawa baada ya Ijumaa, nasikitika kusema, huweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa njia fupi. Vidonge vya vitamini ulivyoandikiwa si vya hiari.

Dawa za presha na za sukari ulizozoea huenda zimekuwa nyingi kwako sasa. Ukisikia kizunguzungu unaposimama kutoka baraza, kaa, na usiruke kwa hasira kulimaliza zoezi. Ziulizie dawa zako wiki hiyo hiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, hasa mwaka wa kwanza, maana kukusanya maji na protini yote kati ya futari na daku kwa mfuko mdogo ni kazi ngumu.

Uvimbe unaojitokeza kwenye kovu ukikohoa, acha kuinua vitu uende ukaonwe. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, homa, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana au pumzi kukatika havingoji boti ya kesho. Nenda Hospitali ya King Fahd au kituo kilicho karibu nawe saa hiyo hiyo, ukiwa na karatasi za upasuaji, ili anayekupokea ajue tangu mwanzo tumbo lako limebadilishwa vipi.