Matatizo ya Ulaji, Tezi za Mate na Meno: Maswali na Majibu

Mashavu ya binti yangu yamevimba, lakini hana homa. Je, ni matumbwitumbwi?

Yawezekana, ingawa matumbwitumbwi kwa kawaida huambatana na homa na maumivu wakati wa kutafuna. Uvimbe wa pande zote mbili, mbele ya masikio, usiouma na unaodumu kwa majuma, humfanya daktari afikirie pia kisukari, pombe kupindukia, au bulimia, yaani maradhi ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha, ambayo daktari Gerald Russell aliyaeleza mwaka 1979 akiwa London. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu.

Mbona uvimbe umezidi tangu aache kujitapisha?

Tezi za mate zilizozoea kuchochewa na kutapika mara kwa mara huweza kufura zaidi siku chache baada ya mgonjwa kuacha. Hapa ndipo wengi hurudia tabia ile, kwa kuwa mtu ambaye tayari anauchukia mwili wake huona uso umepanuka na kudhani amenenepa. Aambiwe mapema kwamba hali hiyo hutarajiwa, na kwamba uvimbe mara nyingi hupungua baada ya majuma kadhaa. Kukanda mashavu kwa kitambaa chenye joto na kutafuna chingamu isiyo na sukari husaidia mate kutiririka.

Meno huathirika vipi?

Asidi ya tumbo huyeyusha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hasa upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele, mahali ambapo mzazi haoni ila daktari wa meno huona upesi. Enameli iliyokwisha haioti tena.

Je, apige mswaki mara tu baada ya kutapika?

La. Mswaki hukwangua enameli iliyolainika. Asukutue kwa maji, au kwa kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea keki kilichokorogwa katika glasi ya maji, kisha asubiri takriban saa moja. Asitumie magadi ya kupikia mboga, kwani ni makali zaidi.

Twende wapi hapa Nairobi?

Daktari wa meno peke yake hatoshi. Anahitajika pia mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina huduma zote mbili. Akizirai, au moyo ukienda mbio bila mpangilio, asingoje miadi: apelekwe kwenye idara ya dharura, kwa sababu kutapika hupunguza potasiamu mwilini, madini yanayouwezesha moyo kupiga kwa mpangilio.