Maji ya Mtaroni Yakitoka Meupe, Uchafu Haujaisha

Kila kichujio cha mchanga kinapojengwa kwenye mtaro wa maji ya mvua, hoja inarudi ileile: "Si unaona maji yametoka meupe?" Naona. Weupe ni habari ya tope tu, na kwa mitaro inayoshuka kutoka Mwanga, mjini Kigoma, kuelekea Ghuba ya Kigoma tope ni nusu ya shida.

Mchanga hukamata chembe: udongo mwekundu, vumbi la breki, na vilivyong'ang'ania juu yake. Fosforasi iliyoyeyuka na nitrati, ambavyo ni virutubisho vya mimea, pamoja na zinki ya mabati, hupenya katikati ya punje. Chuja chai yenye sukari: majani yanabaki, utamu unapita. Na maji ya juu ya Ziwa Tanganyika ni maangavu kwa sababu virutubisho humo ni haba. Fosforasi kidogo inatosha kulisha mwani ufukweni.

Fosforasi hiyo inashikwa na chuma chenye kutu. Changanya unga wa chuma usio na oili kwenye mchanga, asilimia 5 hadi 8 ya uzito. Lazima kitanda, yaani tabaka hilo la mchanga, kikauke kati ya mvua na mvua. Kikilala ndani ya maji, oksijeni inaisha na chuma kinaiachilia fosforasi kiliyoikamata. Nitrati nayo inataka kinyume chake kabisa: tabaka lililozama, lisilo na oksijeni, lenye vipande vya mbao, ili bakteria waigeuze gesi. Michoro mingi huviweka vyote katika shimo moja kana kwamba havigombani. Mimi ningevitenga, chuma kikae mwisho, maana mbao zenyewe huvujisha fosforasi. Na tafadhali, msimwage samadi humo eti mimea istawi! Hapo mnaipeleka ziwani fosforasi ambayo mtaro haukuwa nayo.

Vipimo ni rahisi. Lami ya mita za mraba 1,000 ikipata mvua ya milimita 15 inatoa karibu mita za ujazo 15. Kitanda cha mita za mraba 20 kinachopitisha milimita 100 kwa saa kitazimaliza kwa saa saba na nusu hivi. Tanguliza chemba ya kutulizia tope, la sivyo kitanda kitaziba kuanzia juu. Kikiziba, kwangua sentimita 5 za juu, rudisha mchanga uliooshwa, usifukue chote. Kati ya mchanga na kokoto za chini yake weka sentimita 10 za changarawe ndogo, si kitambaa, kwani kitambaa huziba mahali usipofikia.

Kuhusu vimelea vya kinyesi, siwezi kuahidi lolote. Matokeo hupanda na kushuka, na wakati mwingine wanaotoka ni wengi kuliko walioingia, kwa sababu wanaishi kwenye mchanga wenye unyevu. Maji haya si ya kunywa.

Anayetaka kubishana nami alete vipimo vya fosforasi iliyoyeyuka, ya kuingia na ya kutoka, sampuli ikiwa imechujwa palepale mtaroni kwa karatasi ya mikroni 0.45. Ikichelewa kuchujwa, sehemu ya fosforasi hunata kwenye tope ndani ya chupa na namba inadanganya.